Kabla hazijauzwa dukani: watu wa kwanza waliingiaje kwenye baiskeli za mlimani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Lushoto. Kila siku naona kwenye simu Wazungu wakiteremka milima kwa baiskeli zenye shokapu mbele na nyuma, na inasemwa mchezo huo waliuanzisha Wamarekani. Mbona babu yangu alikuwa anateremsha viazi na kabichi hadi Mombo kwa baiskeli ya Phoenix kabla sijazaliwa? Hao Wamarekani waliingiaje kwenye mchezo mpaka wakaitwa waanzilishi? Na mtu asiye na hela za baiskeli ya namna ile anaweza kuingia?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Babu yako nitamfikia, maana hoja yako ina uzito kuliko unavyodhani. Ila kwanza tuelewane jambo moja. Kuendesha baiskeli mlimani hakukubuniwa na mtu yeyote. Baiskeli ilizaliwa wakati barabara nyingi za dunia zilikuwa za vumbi na mawe, kwa hiyo waendeshaji wa mwanzo kabisa walikuwa wa njia mbaya kwa kukosa njia nzuri.

Mwaka 1897 askari weusi wa kikosi cha 25 cha jeshi la Marekani walitoka Fort Missoula, Montana, wakaendesha hadi St. Louis, zaidi ya kilomita 3,000, kupita milima, matope na mchanga, wakiwa na mizigo na bunduki. Walikuwa 20, na waliongozwa na luteni aliyeitwa James Moss. Hiyo ilikuwa kazi ya jeshi, jeshi lilitaka kujua kama baiskeli inaweza kuchukua nafasi ya farasi. Miaka ya 1950 mwanzoni, vijana wa viunga vya Paris walikuwa wanazibadilisha baiskeli zao ili wakimbizane nazo kwenye matope na mabonde. Mwaka 1953, mwanafunzi wa California aitwaye John Finley Scott alichukua fremu ya baiskeli ya Schwinn, akaifunga tairi nene, gia na breki nzuri za kubana rimu, akaenda nayo porini. Kwa macho ya leo ile ilikuwa baiskeli ya mlimani kamili. Miaka miwili baadaye Waingereza wakaanzisha chama cha wapenda njia mbovu, na kipo hadi leo.

Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeanzisha wimbi. Scott alibaki peke yake na baiskeli yake, vijana wa Paris wakatawanyika, Waingereza wakaendelea na matembezi yao ya upole wakinywa chai. Wimbi lilianzia kaunti ya Marin, ng'ambo ya daraja la Golden Gate ukitoka San Francisco, kwenye mlima uitwao Tamalpais wenye urefu wa mita 780 na ushee. Usambara yenu inaupita mara mbili na zaidi.

Na lilianza na vyuma chakavu. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jibu la swali lako la hela.

Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilitoa baiskeli yenye tairi nene za inchi 26 kwa 2.125. Soko lake lilikuwa watoto, wale waliokuwa wakiruka mitaro na kugonga kingo za barabara wakisambaza magazeti asubuhi. Fremu ilikuwa nzito kama ya pikipiki ndogo, gia moja, breki iko ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, unakanyaga pedali kinyumenyume ndipo inashika. Miaka ya 1970 ilipofika, watoto wale walishakuwa wazee na baiskeli zao zilikuwa zimelala kwenye mabanda na majalala. Mtu mzima wa wakati ule akitaka baiskeli alinunua ya mbio, tairi nyembamba, usukani uliojikunja. Ukiingia nayo kwenye njia ya mawe, dakika tano tu unatafuta kiraka.

Kundi la vijana wa mji wa Larkspur ndilo lililoanza kuzipandisha baiskeli za zamani kwenye mlima ule na kuziachia zishuke. Wakawavuta wengine. Joe Breeze, ambaye baba yake alikuwa na karakana ya magari na yeye mwenyewe alikuwa akishindana mbio za barabarani, alinunua Schwinn ya mwaka 1941 kwa dola 5. Dola tano! Bei hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Chombo cha dola tano unaweza kukirusha kwenye mwamba, kikivunjika unarudi kutafuta kingine. Mtu mwenye baiskeli ya mbio ya bei kubwa hathubutu.

Gary Fisher na Charlie Kelly waliingia kwa njia nyingine kidogo. Walikuwa wakiishi nyumba moja. Kelly alikuwa mbeba vyombo wa bendi ya muziki. Fisher alikuwa mwanambio wa barabarani ambaye mwaka 1968 alizuiwa kushindana kwa sababu ya nywele zake ndefu, akarudi mwaka 1972. Walichukua baiskeli nzee za tairi nene kwa ajili ya shughuli za mjini tu, dukani na kurudi, maana hakuna mwizi aliyezitamani. Siku si siku wakazipandisha mlimani kuona itakuwaje. Kwa wengi wao mlima ulikuwa mapumziko baada ya mazoezi ya barabarani, mahali pasipo magari, pasipo kocha, pasipo sheria ya nywele.

Wende Cragg yeye aliingizwa na jirani. Jirani huyo, Fred Wolf, alikuwa mmoja wa vichaa wa mchezo, akamshawishi yeye na mume wake. Baiskeli aliyopewa ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 20, na mwanzoni hakuona raha yoyote ndani yake. Mwishowe akawa mwanamke wa kwanza kushindana nao, na zaidi ya hapo akawa mpiga picha wao. Picha nyingi unazoziona za miaka ile, vijana wa suruali za jinzi na mashati ya kazi, vumbi mpaka kwenye kope, ni zake.

Sasa breki. Fungua habu ya aina ile uone. Ndani kuna koni, gololi, na vipande vya chuma ambavyo ukikanyaga kinyume vinasukumwa vitanuke na kusugua ukuta wa habu kwa ndani. Vyote vimezama kwenye grisi. Kwenye mtaa wa tambarare mfumo huu unadumu miaka bila kuguswa. Lakini mpeleke mtu mwenye kilo 75 kwenye mteremko mkali, akanyage breki hiyo moja, ya nyuma peke yake, dakika nne mfululizo. Habu inapata moto usioweza kuishika kwa mkono. Grisi inayeyuka, inaanza kutoka pembeni, halafu inaungua kabisa na kufuka moshi. Ukifika chini una chuma kavu kinachosaga chuma. Ni lazima ufungue, uoshe, upakie grisi mpya kabla ya kupanda tena.

Barabara moja ya wazima moto juu ya mji wa Fairfax ilikuwa kali kiasi kwamba kila ukishuka mara moja lazima ufanye kazi hiyo, na ndiyo maana waliiita Repack, yaani pakia upya. Inashuka mita 400 ndani ya kilomita tatu na nusu pungufu, wastani wa karibu asilimia 12, kona zake zina changarawe na mifereji ya mvua. Tarehe 21 Oktoba 1976 walikutana pale kumaliza ubishi wa nani ana kasi. Kelly alileta daftari na saa mbili zilizolinganishwa, moja ikabaki juu, nyingine ikapelekwa chini. Walitolewa mmojammoja. Alishinda Alan Bonds, na wenzake husema sababu ni kwamba ni yeye tu ambaye hakuanguka.

Basi ubishi haukuisha, kama ubishi wowote wa vijana. Walirudi tena na tena hadi 1979, halafu mara chache miaka ya 1980. Rekodi ya Repack ni ya Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22. Breeze yuko nyuma yake kwa sekunde 2. Cragg anashikilia ya wanawake, dakika 5 na sekunde 27. Piga hesabu mwenyewe: dakika 4 na sekunde 22 ni zaidi ya kilomita 45 kwa saa kwa wastani, kona zikiwemo, bila shokapu hata moja.

Mashindano yale ndiyo yaliyotengeneza baiskeli. Kila wiki kitu kilivunjika, na kila kilichovunjika kilihitaji jibu kabla ya wiki nyingine. Fremu ilipinda kwenye shingo, wakatafuta fremu ya mwaka fulani wa Schwinn, Excelsior ya kabla ya vita, kwa sababu pembe zake ziliifanya itulie kwenye mteremko. Breki iliungua, wakafunga breki za ngoma zilizotengenezwa kwa ajili ya baiskeli za watu wawili, wakazivuta kwa mikono ya breki za pikipiki kwa kuwa mikono ya kawaida ilikuwa dhaifu. Usukani ulivunjika, wakaweka wa pikipiki. Hakuna kiwanda kilichowauzia chochote kwa jina la mlima. Walikuwa wanaokota kwenye masanduku ya mafundi, kama tunavyofanya Kariakoo na Sabasaba.

Lililobaki lilikuwa kupanda. Gia moja yenye uzito ule huwezi kupandia mlima. Unasukuma, au unapakia baiskeli kwenye pikapu la rafiki. Desemba 1974, kwenye mashindano ya baiskeli ya kukimbizana matopeni yaliyofanyika Mill Valley, walitokea jamaa kutoka Cupertino, upande wa kusini wa San Francisco, wakiwa na baiskeli zao nzee zilizofungwa gia za kubadilishwa kwa kidole gumba kwenye usukani, pamoja na breki za ngoma. Fisher, Kelly na Breeze walikuwepo siku ile, wakaona. Jamaa wa Cupertino hawakuonekana tena kwenye mchezo, na kwa miaka karibu 20 historia iliwasahau kabisa. Muda si mrefu Fisher naye alikuwa na gia kwenye Schwinn yake. Sitaki kuingia kwenye mabishano ya nani alimwiga nani, Wamarekani wenyewe wanabishana mpaka leo. Ninachosema ni kwamba gia zilibadilisha kila kitu. Kabla yake huu ulikuwa mchezo wa kuteremka. Baada yake mtu aliweza kutoka nyumbani, akapanda, akazunguka mlima mzima na kurudi kwa nguvu zake.

Wakati huohuo, mbali kabisa, Crested Butte, mji mdogo wa zamani wa wachimba makaa ya mawe huko Colorado, watu walikuwa wakizungukia baiskeli chakavu za gia moja kwa sababu mitaa haikuwa na lami. Mwaka 1976 waendesha pikipiki kutoka Aspen, mji wa matajiri, walivuka njia ya milimani wakaja kuegesha pikipiki zao mbele ya baa kwa mbwembwe. Wenyeji wakasema: sisi tutawajibu kwa baiskeli. Septemba wakavuka Pearl Pass kwenda Aspen, mita zaidi ya 3,800 kutoka usawa wa bahari, siku mbili, wakilala porini, magari yakiwabebea mahema na bia. Wengi walisukuma zaidi ya kuendesha. Mwaka 1978 watu wa Marin walisikia habari hizo, wakaenda na baiskeli zao zenye gia. Pande mbili ambazo zilikuwa zinafanya kitu kimoja bila kujuana zikakutana.

Unaona jinsi milango ilivyokuwa tofauti? Mmoja aliingia kwa kupumzika, mwingine kwa ubishi, mwingine kwa jirani mkorofi, mwingine kwa kulipiza mbwembwe za pikipiki. Kilichowaunganisha wote ni chombo cha bei ya chini ambacho hawakuogopa kukiharibu, na mikono iliyojua kukitengeneza.

Kuingia dukani kulikuja baadaye na kulikwenda haraka. Mwaka 1977 Kelly alimwomba Breeze amtengenezee fremu mpya kabisa, ya bomba imara za aloi ya kromu, kwa ajili ya mlima tu. Breeze alimaliza ya kwanza mwaka huo, na hadi 1978 alikuwa ametengeneza kumi. Zilikuwa na uzito wa kama kilo 17, nafuu kubwa ukilinganisha na zile nzee. Mwaka 1979 Tom Ritchey, fundi kijana wa Palo Alto aliyekuwa anachomelea fremu tangu akiwa shule, alizitengeneza nyingi kupita mahitaji, na Fisher pamoja na Kelly wakafungua kampuni ya kuziuza, kiasi cha dola 1,300 moja. Na yule Scott wa mwaka 1953? Alikuwa hai, keshakuwa profesa, akawasaidia mtaji. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani, kwa dola 750. Kuanzia hapo haukuwa tena mchezo wa wachache. Mashindano ya kwanza ya dunia yanayotambuliwa na shirikisho la kimataifa yalikuwa Durango, Colorado, 1990, na Olimpiki ikaupokea mchezo Atlanta 1996.

Shokapu unazozitamani kwenye simu? Zile za mbele za kwanza kupata umaarufu, za RockShox, zilitoka karibu na 1990. Maana yake watu wa mwanzo waliendesha zaidi ya miaka 15 wakiwa na fremu ngumu mbele na nyuma.

Sasa babu yako.

Kwa ujuzi, sioni alichozidiwa na yeyote wa Marin. Mtu anayeshusha magunia kutoka Lushoto hadi Mombo, kilomita 33 za kona juu ya korongo, kwa Phoenix yenye breki za vyuma vinavyovuta raba juu ya rimu ya chuma, anajua mambo ya mteremko ambayo hayafundishwi. Rimu ikilowa breki zile hazishiki kitu. Wazee walikuwa wanaweka soli ya kandambili kwenye tairi la nyuma, wengine wakifunga tawi la mti nyuma liburute. Kule Goma, Kongo, watu wanashusha chukudu, yaani skuta za mbao za magurudumu mawili, kutoka vilimani zikiwa na mzigo wa magunia, na mji umeijengea chukudu sanamu. Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, baiskeli ilianza kubeba abiria ikazaa biashara nzima ya bodaboda.

Tofauti ni kwamba baiskeli ya babu yako ilikuwa shamba lake, ada ya watoto wake, na pengine posa. Isingewezekana aivunje ili kumaliza ubishi. Vijana wa Marin walikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho: muda wa bure na chombo cha kuchezea. Halafu wao waliandika. Kelly alitunza daftari la nyakati za Repack, Cragg akapiga picha, na mwaka 1980 wakaanzisha jarida la mchezo wao. Mwandishi na mpiga picha wakikosekana, hata jambo kubwa hubaki kuwa stori ya kijiweni. Kwa hiyo wanapoitwa waanzilishi, waanzilishi wa mchezo na biashara yake, ni sawa. Wakiitwa wa kwanza kushuka mlima kwa baiskeli, hapo una haki ya kukataa.

Na kuna mmoja wao aliyekuja kuliona hilo kwa macho yake. Desemba 2005 Tom Ritchey alifika Rwanda. Akakuta wakulima wa kahawa wanashusha mizigo kwa baiskeli, nyingine za mbao kabisa, kwenye milima isiyoisha. Alirudi na mpango. Akasanifu baiskeli ndefu ya chuma ya kubebea magunia ya kahawa, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano ambayo baiskeli za mbao nazo zilipewa nafasi. Humo ndimo ilimoanzia timu ya taifa ya Rwanda iliyolelewa na Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Mmoja wa vijana wa timu ile, Adrien Niyonshuti, alibeba bendera ya Rwanda kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London 2012, kisha akashindana kwenye baiskeli ya mlimani na kumaliza wa 39. Nafasi ya 39 haisikiki kama kitu, lakini mbio zile ukipitwa na muda unatolewa njiani. Yeye alimaliza.

Kilimanjaro nayo ina kisa chake. Mwishoni mwa 1984, Waingereza wawili binamu, Richard na Nick Crane, walifika kileleni na baiskeli za mlimani ili kuchangisha fedha za mradi wa maji Kenya. Sehemu kubwa ya juu walizibeba mabegani. Mlima ule haujali una baiskeli gani.

Haya, wewe. Kwanza usinunue zile mpya za bei ya chini zenye shokapu mbili zinazometameta dukani. Shokapu yake ni springi tupu ndani ya bomba, haina kitu cha kuituliza, inaongeza kilo na kukurusha kama mbuzi aliyeona fisi. Kwa hela hiyohiyo, au pungufu, tafuta mtumba wa miaka ya 1990, fremu ngumu, tairi za inchi 26. Zinakuja kwenye makontena Dar, zinafika Moshi, Arusha na Tanga. Hizo ndizo Schwinn za dola tano za zama zetu: walizozichoka wenzetu, imara, vipuri vyake viko kila kona.

Ukiikagua, ipindue. Angalia chini ya bomba la fremu pale linapoungana na kichwa, nyuma kidogo ya weldi. Rangi ikiwa imekunjamana au imepasuka kama nywele, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu uso kwa uso. Iache hata ukipewa bure. Zungusha magurudumu uone kama rimu inayumba. Shika tairi la mbele katikati ya magoti, tikisa usukani, ukisikia mlio wa gololi ujue koni zinataka kazi, si tatizo kubwa.

Kitu ambacho wengi hawakijui na kinawaangusha: mkono wa breki. Baiskeli za Japani, mkono wa kulia ni breki ya mbele. Mitumba mingi kutoka Ulaya bara na Marekani, mkono wa kushoto ndio wa mbele. Mtu aliyezoea moja anapanda nyingine, anafika kwenye kona, anabana kwa mazoea, anapita juu ya usukani. Kabla hujatoka kwa muuzaji, bana mmojammoja uone, ukitaka mwambie fundi akubadilishie nyaya. Na usiiogope breki ya mbele. Kwetu watoto wanafundishwa kuikwepa, matokeo yake wanateremka kwa ya nyuma peke yake, ambayo kwenye changarawe inateleza tu. Nguvu kubwa ya kusimama iko mbele. Ibane polepole kwa kidole kimoja au viwili, kabla ya kona, si ndani ya kona.

Tairi weka nene, kuanzia inchi 2, na usijaze upepo mpaka iwe jiwe; kwa mtu wa kilo 65 mwenye tyubu, psi 30 hadi 35 zinatosha njia za milimani. Kiti kishushe unapoteremka. Watu wa Marin waligundua hili mapema kiasi kwamba mwaka 1984 Breeze na mwenzake waliuza springi ya kukirudisha kiti juu bila kushuka. Wewe tumia kabari ya kufungua kwa mkono, inatosha. Simama kwenye pedali, zote mbili zikiwa sawa kama mizani, magoti na viwiko vilegee, macho mbele mita kumi au zaidi, wala si kwenye tairi. Kofia ngumu vaa. Waanzilishi hawakuwa nazo, na makovu yao wanayo.

Chagua njia moja fupi karibu na nyumbani, uirudie mpaka uijue kila jiwe. Mashindano subiri. Na tafuta mwenzako mmoja anayejua kufungua habu kuliko wenzako kumi wanaojua kusifia picha.

Mwisho, ruhusa. Marin walilipuuza hili likawagharimu: waendao kwa miguu na wapanda farasi walilalamika, njia nyingi nyembamba za Tamalpais zikafungwa kwa baiskeli, kwenye barabara za wazima moto kukawekwa mwendo wa mwisho maili 15 kwa saa, na walinzi wakawa wanapima kwa rada. Kwenu Lushoto vijia ni vya akina mama wenye kuni vichwani na watoto wa shule. Mbele yao punguza, ikibidi shuka, usalimie. Ukitaka kuingia msitu wa Magamba, pitia kwanza ofisi ya hifadhi uulize njia zipi baiskeli zinaruhusiwa na malipo yakoje. Na barabara ya Mombo waachie malori. Kona zile hazina nafasi ya ninyi wawili.